Mipira ya Valvu Kwenye Meno ya Mpwa Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mji huu unatembea kwa sababu yangu. Sijisifu, natoa taarifa. Nisingekuwapo mimi na spana yangu ya spoki, nusu ya baiskeli za hapa zingekuwa zinakwenda kama bata aliyeumia nyonga. Nimenyoosha ringi ya baiskeli ya mkuu wa polisi. Nimenyoosha ringi iliyokanyagwa na lori la saruji, na mwenyewe akaipanda siku hiyohiyo kwenda harusini. Harusi yake mwenyewe.

Halafu leo binti mwenye koti jeupe, ambaye baadhi ya viatu vyangu vimemzidi umri, ananiambia mimi sijui habari za kunyoosha.

Nianze mwanzo. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka kumi na mitatu. Meno yake yalitoka kama watu wanaogombea mlango mmoja. Chonge mbili zikakosa pa kukaa, zikapanda juu ya wenzao. Shuleni wakampa jina: Foleni. Mtoto akaanza kucheka huku kaziba mdomo kwa kiganja, kisha akaacha kucheka, na darasani akawa hajibu hata swali analolijua. Kliniki ya meno ya chuo cha madaktari ikampokea. Wanachukua watoto kumi na wawili tu kwa mwaka, na wengine wamejaa kwenye orodha, wanasubiri mmoja ateleze. Wakamng'oa meno manne ili yaliyobaki yapumue, wakagundisha kitufe cha chuma kwenye kila jino, wakapitisha waya. Huu ni mwezi wa tisa. Meno ya juu yamepanga mstari kama gwaride. Nakubali, kwa shingo upande.

Dada anafanya kazi kiwanda cha sabuni, zamu za mchana, kwa hiyo msindikizaji wa kliniki ni mimi. Jina langu limo kwenye kadi. Kwa wino.

Leo Daktari, ndiye huyo binti wa koti jeupe, kasema mstari umekaa vizuri, sasa tatizo ni namna meno yanavyoumana. Upande wa kushoto ya juu yanaangukia ndani ya yale ya chini, kama kifuniko cha sufuria nyingine. Dawa yake ni mipira midogo, mmoja unavutwa kutoka ndoano ya juu hadi ya chini, usiku na mchana, inatolewa wakati wa kula tu. Miezi sita. Labda minane.

Nikamuuliza kwa heshima kama amesema miezi au dakika. Mimi ringi inayoyumba naimaliza kwa robo saa. Unakaza spoki ya huku, unalegeza ya kule, kwisha. Akajibu, bila hata kuniangalia, kuwa ringi ni chuma na taya ni mfupa ulio hai, na mfupa hauna haraka. Ukiulazimisha unakasirika.

Mfupa unakasirika. Nimeishi miaka hamsini na moja na mifupa yangu, hata siku moja haijaninunia.

Kisha akaongeza kwamba meno ya kubanana hivi mara nyingi hurithiwa. Akanitazama midomo. Akaniomba nifungue mdomo aone. Nikamwambia mdomo wangu unafunguliwa kwa mambo ya maana. Mpwa akaangalia dari.

Mwisho akatukumbusha kuhusu kadi. Alama nyekundu tatu, nafasi inakwenda kwa mtoto mwingine na waya zinatolewa. Tunayo moja tayari. Tulichelewa mwezi uliopita, kwa sababu njiani nilikutana na mtu ambaye gurudumu lake la nyuma lilikuwa fedheha kwa umma. Ningempitaje?

Alhamisi, 6 Machi

Baba Mdogo kaja. Huyu ni mdogo wake marehemu shemeji yangu, karani, mtu anayepiga pasi hadi soksi. Kaja na picha ya zamani ya mama yake akitabasamu, kaikuza mpaka imekuwa kubwa kama trei. Kaiweka mezani mbele ya Dada. Kaonyesha kidole tu: meno ya upande wao yamenyooka, kwa hiyo upinde umetoka upande mwingine, na yeye hataji mtu.

Hakutaja mtu, lakini chumbani tulikuwa wanne, Mpwa akiwamo.

Nikamjibu kwamba kwetu meno hayajawahi kupinda, yalikuwa mengi tu. Sisi tulijaliwa. Babu yangu alifungua boksi la misumari kwa magego na hakuhitaji hata maji ya kusukutua. Baba Mdogo akauliza kama huyo ndiye babu aliyezikwa na jino moja. Dada akacheka, akajifanya anakohoa.

Hapo ndipo alipotoa sumu yake. Kasikia juu ya alama nyekundu. Yeye ana pikipiki, ana saa, ofisini wanampa ruhusa. Kwa nini asimsindikize yeye mtoto? Nilimtazama Dada nikitegemea amfukuze. Badala yake kasema, taratibu, kwamba miadi ijayo ni tarehe kumi na saba, tuone itakavyokwenda, kisha ataamua. Kasema, kaka yangu, mimi sitaki ugomvi, nataka mwanangu amalize meno yake.

Kwa hiyo nipo kwenye majaribio. Mimi.

Nitawaonyesha. Tarehe kumi na saba Daktari atafungua kinywa cha mtoto huyu na kukuta kazi imekwisha. Ataita wenzake. Wataandika.

Ijumaa, 7 Machi

Kikwazo kidogo cha kiufundi.

Mpwa alipitia karakana kwangu kutoka shule, akasahau pakiti yake ya mipira kwenye benchi. Nikaona ni vizuri nipime nguvu yake, maana fundi hafanyi kazi na kifaa asichokijua. Nikauvuta wa kwanza kati ya misumari miwili. Ukakatika. Wa pili nikauvuta polepole zaidi. Ukakatika polepole zaidi. Kufikia saa kumi nilikuwa na matokeo kamili ya kitaalamu na pakiti tupu.

Mipira gani hiyo? Uzi wa buibui una msimamo kuliko hiyo.

Kuomba pakiti nyingine maana yake ni kwenda kliniki, na wakishajua tumepoteza ya kwanza wataandika kwenye kadi, na Baba Mdogo anazinusa kadi kama paka na samaki. Nikakaa. Nikawaza. Macho yangu yakaangukia kopo la vifaa vya valvu. Ndani yake ule mpira mwembamba, mrefu, unaovikwa kwenye pini ya valvu ili upepo uingie usitoke. Unene uleule. Tundu lilelile. Nguvu mara tano.

Nilikata vipande kwa wembe mpya. Nikavichemsha dakika ishirini, wasije wakasema mimi mchafu. Vilitoka thelathini na nane, vyote sawa, hata kiwanda kisingefanya hivyo. Kasoro ni moja tu, ni vyeusi.

Mpwa alivigeuza-geuza kiganjani. Akauliza: Mjomba, Daktari anajua? Nikamwambia mimi na Daktari mawazo yetu hayako mbali. Akauliza tena, anajua au hajui? Mtoto huyu ana mdomo wa hakimu. Nikamwambia kwamba hivi ndivyo vya watu wenye haraka, na kama anataka kuacha kuitwa Foleni kabla shule haijafungwa, achague.

Akavaa.

Jumapili, 9 Machi

Inafanya kazi. Nilijua.

Nimepita kwa Dada asubuhi kukagua, kwa kisingizio cha kurudisha sufuria. Mpwa kasema usiku mzima upande wa kushoto ulikuwa unagonga kama kuna mtu anataka kufunguliwa. Maumivu ni kazi inayosonga, nilimweleza. Spoki ikikazwa nayo inalia, hujawahi kusikia? Akasema hajawahi. Nikamwambia basi ndiyo hivyo.

Nimeongeza mpira wa pili juu ya wa kwanza. Kwa nini tuendeshe mguu mmoja?

Mchana hakula nyama, kanywa uji tu. Kasema chonge ya kushoto inacheza ukiisukuma kwa ulimi. Nikamfafanulia kwamba nati yoyote lazima ilegee kwanza ndipo uipeleke unakotaka. Dada kutoka jikoni kauliza tunanong'ona nini. Nikasema siasa.

Siku nane zimebaki. Nimeshaanza kuandaa maneno machache ya kumwambia Baba Mdogo. Ya kistaarabu, lakini yatamwingia.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya. Naandika ukweli, na ukweli ni kwamba kosa ni la gundi ya kliniki.

Mpwa kaja karakana saa tisa, kashika karatasi iliyokunjwa. Ndani yake kitufe kimoja cha chuma. Kimebanduka kutoka kwenye chonge darasani, alipokuwa anasoma kwa sauti. Alikuwa anasoma kwa sauti, kwa hiari yake, kwa mara ya kwanza mwaka huu, na kitufe kikaruka kikagonga daftari la mwenzake. Darasa zima likaangua kicheko.

Wameshindwa kugundisha kitu kidogo kama kile! Kiraka changu kwenye tyubu hakibanduki hata ukipita juu ya miiba. Nikamwambia atulie, tatizo hili liko kwenye fani yangu. Nikatoa solusheni, gundi yangu ya viraka, nikasugua jino la mfano kwenye hewa kumwonyesha jinsi tutakavyokwaruza kwanza kwa msasa.

Akarudi nyuma hatua mbili. Kasema, hapana, Mjomba.

Hajawahi kuniambia hapana. Ananiambia "haya" na "sawa" na "kama unavyosema". Kasema hapana, kisha akaziba mdomo kwa kiganja, vilevile kama zamani, na machozi yakapita juu ya vidole.

Niliweka solusheni chini. Nilijifanya natafuta kifuniko chake kwa muda mrefu.

Nikamwambia tumwambie mama yake. Akakataa. Akimwambia mama, atasindikizwa na Baba Mdogo, na Baba Mdogo akifika kliniki anaongea na Daktari juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni mzigo uliokuja na lebo. Anasema "hili taya". Afadhali mimi, kasema, mimi hata nikikosea nakosea nikimwangalia.

Sijui kama hiyo ni sifa. Nimeichukua kama sifa.

Tumekubaliana tusingoje tarehe kumi na saba. Twende kesho. Yeye atasema aling'ata mfupa. Mipira atasema ilipotea. Mpango wake, si wangu. Nilimwuliza tu kama ana uhakika, naye akasema ana uhakika, na mimi nikaona si vizuri kumvunja moyo.

Jumatano, 12 Machi

Tarehe nimeiandika mara mbili. Kwa hasira.

Tulifika mapema, hilo liandikwe. Mpwa akalala kwenye kiti kile kinachopanda na kushuka. Daktari akaangaza taa, akaangalia. Akagusa chonge kwa ncha ya kifaa, na chonge ikasogea. Mimi mwenyewe niliiona kutoka kwenye kiti cha msindikizaji. Ilisogea kama kigingi kwenye udongo wenye maji.

Akauliza kumetokea nini. Mpwa, macho juu kwenye taa, kasema aling'ata mfupa. Na mipira? Imepotea. Yote? Yote. Uliivaa siku ngapi? Sikumbuki.

Daktari hakufoka. Bora angefoka. Kavua glavu, kachukua kadi, kachukua kalamu nyekundu. Kasema kwa sauti ya chini kwamba mfupa ni alama moja, mipira ni alama ya pili, na ile ya kuchelewa. Kasema anasikitika kweli. Akamwambia mtu wa mapokezi amletee faili la wanaosubiri. Likaletwa. Jembamba, la kijani. Jina la juu kabisa niliweza kulisoma kutoka nilipokaa, la mtoto wa watu, wa miaka kumi na miwili, na kwa dakika moja nilimchukia mtoto ambaye sijawahi kumwona.

Mpwa hakulia. Alifumba macho tu. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya sketi, na mmoja ukaanza kupanda, polepole, kwenda mdomoni.

Hapo nikasimama. Sikupanga. Miguu ilisimama, mimi nikakuta niko juu.

Nikasema, Daktari, mfupa hakuna. Mtoto huyu anasema uongo kwa adabu. Mipira yako niliikata mimi, nikaweka yangu, na kama ni kazi, ile ilikuwa kazi safi, imechemshwa. Alama hizo niandikie mimi. Nikatoa mfukoni kikopo nilichovihifadhia vipande vyangu na kumpa vilivyobaki.

Akachukua kimoja kwa koleo dogo. Akakivuta. Akanusa. Akauliza hii ni nini. Nikamwambia. Akauliza tena, ya nini? Nikamwambia ya valvu, ya baiskeli, lakini baiskeli za saizi zote zinaitumia. Wanafunzi wawili wa udaktari waliokuwa nyuma yake wakageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Yeye hakucheka.

Kasema jino limekaa kwenye mfupa kwa nyuzi ndogo sana. Ukilivuta taratibu, mfupa unajibomoa mbele yake na kujijenga nyuma yake. Ukilivuta kama mimi nilivyolivuta, nyuzi zinasagika, damu haipiti, mzizi unaweza kuliwa mpaka ukaisha, na mtoto akabaki na pengo pale tulipohangaika miezi tisa kupata jino. Kasema haya akiniangalia machoni. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Nilikuwa nimelitamani sana jambo hilo na halikuwa tamu.

Wakampeleka kupigwa picha. Nusu saa. Nimewahi kungoja ringi mpya ije kutoka jijini siku nne, nusu saa hii ilikuwa ndefu zaidi.

Mzizi mzima. Jino litashika tena, mradi lipumzike wiki sita bila mpira wowote. Kitufe kikarudishwa. Kadi ya Mpwa imebaki na alama moja, ile ya kuchelewa. Faili la kijani likarudi lilikotoka. Mbele ya "msindikizaji" Daktari akachora mstari juu ya jina langu, mnyoofu, hata rula hakutumia, na kando yake akaandika kitu ambacho hakunionyesha.

Wakati tunatoka akaniambia nimefanya vizuri kusema. Kaisema kwa ile sauti wanayomwambia mtoto aliyepangusa kamasi mwenyewe. Nimedharauliwa mara nyingi maishani, lakini si kwa upole namna hiyo.

Njiani Mpwa alitembea mbele yangu mpaka tulipofika kwenye duka la vioo. Akasimama, akajitazama, akasema: Mjomba, kumbe nilikuwa natembea na tairi mdomoni. Akacheka. Kichwa nyuma, mikono mfukoni, waya zote nje. Watu wakageuka. Mimi nilikasirika kiasi, maana ile haikuwa tairi, ilikuwa mipira ya valvu.

Alhamisi, 13 Machi

Dada kaniita. Hakupandisha sauti. Kaniambia ameshaambiwa yote na mtoto, na kwamba kuanzia sasa ataenda Baba Mdogo. Nikasema sawa. Nikasema pia kwamba kama si mimi kusimama, nafasi ingekuwa imeondoka. Dada kasema kama si mimi, nisingehitaji kusimama. Nimelifikiria jibu lake mchana kutwa na bado sijapata mwanya wa kuingilia.

Mpwa katoa sharti moja: Baba Mdogo akiingia kule ndani aseme naye, si na taya. Baba Mdogo kakubali. Kaliandika kwenye kijitabu.

Jumanne, 25 Machi

Narudi kwenye shajara baada ya shughuli nyingi.

Nieleze kwanza kwamba hoja yangu haikuwahi kushindwa. Kilichokosewa ni mtu wa kujaribia. Mifupa ya mtoto bado laini. Ya mtu mzima imekomaa, inajua kustahimili. Na mimi, ingawa sijamruhusu mtu kuangalia, nina mwanya kati ya meno mawili ya mbele ambao Baba Mdogo juzi, akiwa na kadi mpya mfukoni, aliuita geti. Nikasema ngoja.

Alhamisi iliyopita nilivika mpira mmoja wa valvu kuzunguka meno yote mawili. Mmoja tu, ona nilivyo mwangalifu. Ijumaa mwanya ulikuwa umepungua nusu. Jumamosi ulikuwa umefungika, nikatabasamu kwa wateja wote, hata wasionipenda. Jumapili nilipotaka kuutoa mpira, haukuwapo. Nikadhani nimeumeza, nikashukuru. Kumbe haukushuka. Ulipanda. Ulijiviringisha juu ya meno, ukaingia ndani ya ufizi, na jana asubuhi meno yangu mawili ya mbele yalikuwa yanatembea kila moja kwa ratiba yake.

Hapa mjini Daktari anayeelewa mambo haya ni mmoja. Nilikwenda jana, baada ya shule. Mpwa alitaka kuja, nami sikuona sababu ya kumkatalia mtoto elimu. Daktari aliponiona mlangoni aliuliza kama nimemleta mgonjwa. Nikafungua mdomo. Akaangalia muda mrefu, akawaita wanafunzi wake, wote saba, akawaambia waangalie vizuri maana vitabuni ipo lakini kwa macho ni bahati. Nilisema wataandika. Wameandika.

Akauchimbua. Meno yatapona, kasema, nikila uji kwa mwezi. Kasema nisiweke tena kitu chochote mdomoni ambacho hakiliwi. Nimemsikia. Lakini yeye hajui kwamba kosa lilikuwa moja tu: mpira ulikuwa hauna kizuizi cha kuuzuia kupanda. Ukipitisha uzi mwembamba wa waya wa breki kwa chini, ukaufunga kwenye jino la pembeni, mpira utakwenda wapi? Hauendi popote. Nimeshachora. Uzi ninao.

Kuna jambo moja lingine na nitaliandika kwa kuwa hakuna mwenye ruhusa ya kusoma hapa. Daktari alipoinua ile sindano ya ganzi, nilimshika Mpwa mkono. Yeye hakuniomba, ni mimi. Na sikuuachia mpaka tulipofika barabarani.